Mtaalamu wa Mashimo

Mwaka ule jua halikuwa na adabu. Lilichomoza kabla watu hawajanawa uso, na jioni lilikataa kutua mpaka lihakikishe kwamba kila jani limekunjamana. Bonde la Majani Mengi, ambalo bila shaka lilipewa jina hilo na mtu mwenye matumaini makubwa, lilibaki na kichaka kimoja cha miiba, kijito chembamba kama mkia wa panya, na wanyama wenye njaa.

Mzee Simba, mfalme wa bonde, akaita mkutano. Alipanda juu ya jiwe lake, akatikisa manyoya ya shingo, akatangaza kwamba hatamla raia yeyote mpaka mvua inyeshe. Wanyama wakashangilia huruma ya mfalme wao. Ukweli ni kwamba raia wenyewe walikuwa wamekonda mno, na kumla mmoja wao kungemchosha mfalme meno bure.

"Tutalima viazi vitamu," akasema Simba. "Pale kando ya kijito udongo bado una unyevu. Kazi hii nitaiongoza mimi mwenyewe."

Akaiongoza vizuri sana, akiwa amelala kivulini.

Wengine wakagawana kazi iliyosalia, yaani yote. Muhanga, mwenye makucha kama majembe na masikio kama ya punda, alichimba mfereji kutoka kijitoni hadi shambani kwa usiku mmoja, kisha akalala siku mbili mfululizo bila kudai hata asante. Bi Ngiri, mama wa watoto watatu, aligeuza udongo kwa pua yake na kuinua matuta, watoto wakimfuata nyuma mikia juu. Bi Nungunungu, ambaye ulimi wake ulichoma kuliko mgongo wake, alileta marando ya viazi ya kupanda aliyokuwa ameyatunza pangoni tangu msimu uliopita. Sungura alileta ushauri. Fisi alileta hamu ya kula.

Mwezi wa tatu matuta yakaanza kupasuka, ishara kwamba viazi vinanenepa chini. Wanyama walipita kando ya shamba wakinyata, kana kwamba viazi vingeamka. Bi Ngiri aliwaambia wanawe, "Mwezi mmoja tu, wanangu. Mmoja tu." Mdogo wao, mwenye miguu kama njiti, akauliza mwezi mmoja ni kulala na njaa mara ngapi. Mama yake akamlamba uso.

Ndipo Simba akauliza nani atalinda shamba mchana, wakati joto linapowalaza wote.

"Mimi, mfalme wangu," akasema Fisi, kabla swali halijaisha. "Mimi siku hizi sina usingizi. Nikifumba macho naona viazi. Nitavilinda kama roho yangu."

"Huyu ndiye raia ninayemtaka," akasema Simba.

Bi Nungunungu akakohoa. "Mzee, huyu ndiye aliyekula ngozi ya ngoma yetu ya mkutano."

"Alikuwa na njaa."

"Na sasa ameshiba?"

Simba hakupenda kuulizwa maswali na mtu mfupi. Fisi akapewa ulinzi.

Siku ya nne, alasiri, wanyama walipoamka walikuta shimo katikati ya shamba. Halikuwa shimo la kuona haya. Ndama wa nyati angeweza kulala ndani yake na kugeuka ubavu. Marando yalikuwa yameng'olewa na kutupwa ovyo, tuta zima limebomolewa, na viazi havikuonekana hata ganda.

Fisi alikuwa amesimama ukingoni, tumbo limemtangulia hatua moja.

"Nilipepesa macho mara moja tu," akasema. "Mara moja! Nilipofumbua, shimo hili hapa."

Simba akanguruma. "Nani amechimba?"

Kila mtu akatazama makucha ya mwenzake. Ndipo Sungura akajitokeza, kamba mkononi na kijiti nyuma ya sikio.

"Mfalme asihangaike," akasema. "Mambo haya yana elimu yake. Kila mnyama ana shimo lake, kama kila mtu alivyo na mwandiko wake. Na mimi nimesomea mashimo."

"Umesomea wapi?" akauliza Bi Nungunungu.

"Shimoni."

Jibu hilo likawaridhisha wengi. Sungura akashuka, akapima urefu na upana kwa kamba, akanusa udongo, akautia kidogo mdomoni, akautema, akafumba macho kama mtu anayesikiliza sauti za mbali. Kisha akainua kiganja. Juu yake walikuwapo mchwa wawili, wamechanganyikiwa.

"Mchwa," akasema. "Mfalme, nani katika bonde hili ana urafiki na mchwa?"

Macho yote yakamgeukia Muhanga, aliyekuwa ameamshwa kwa nguvu na bado anapiga miayo.

"Mimi?" akasema Muhanga. "Mimi mchwa nawala, huo ni urafiki gani? Tena viazi sili. Nikila kiazi naumwa tumbo wiki nzima. Na mchana mimi huwa nimelala, wote mnajua."

"Haswa," akasema Sungura. "Ndiyo maana hakuna aliyemwona."

Wanyama wakanong'onezana kwamba huyu kweli amesoma.

Bi Nungunungu alikuwa ameinama ukingoni. "Na hiki cheupe huku chini ni nini?" akauliza, akionyesha bonge kavu, jeupe pe, lililolala pembeni mwa shimo.

Sungura akalitazama mara moja, upesi. "Chokaa. Udongo wa hapa una chokaa nyingi."

"Nimelima hapa miezi mitatu, sijaiona."

"Hukusomea."

Sasa ijulikane kwamba katika bonde zima alikuwapo mnyama mmoja tu anayetafuna mifupa mpaka kinyesi chake kinatoka cheupe, na mnyama huyo alikuwa amesimama pale pale, akichunguza mawingu ambayo hayakuwapo. Kila mtu alilijua jambo hilo. Lakini mfalme alikuwa amekwisha kutikisa kichwa kukubali neno chokaa, na hakuna aliyetaka kumweleza mfalme kwamba alichokikubali ni kinyesi.

"Nilijua ni Muhanga," akasema Simba. "Nilijua tangu mwanzo. Aende Uwanda wa Chumvi, ng'ambo ya kilima, na fungu lake la mavuno lifutwe."

Muhanga hakuwa msemaji. Alitazama mfereji aliouchimba kwa mikono yake, maji yakipita ndani polepole. "Basi angalau mzibue mfereji kila siku ya tatu," akasema mwishowe. "Takataka hukwama pale kwenye kona." Akaondoka, masikio yamelala mgongoni.

"Fungu lake linakwenda wapi?" akauliza Fisi, vumbi la Muhanga halijatua.

"Kwa ofisi ya uchunguzi," akasema Sungura.

"Ofisi ya uchunguzi ni nani?"

"Mimi."

Kesho yake, wenzao walipokuwa wamelala kwa joto, Sungura na Fisi walikaa nyuma ya kichaka cha miiba, karibu na mlango wa shimo la Sungura, rundo la viazi katikati yao. Kama yupo aliyekuwa bado anajiuliza nani alichimba, apewe pole.

"Bwana Sungura, wewe una akili," akasema Fisi, kinywa kimejaa. "Wale mchwa uliwapata wapi?"

"Kwenye kichuguu, Fisi. Mchwa hupatikana kwenye kichuguu. Lakini kuna jambo. Kile ulichokiacha shimoni."

"Kipi?"

"Chokaa."

Fisi akainamisha kichwa. "Nikila kwa furaha hunitoka."

"Basi kula kwa huzuni." Sungura akasukuma nusu ya viazi ndani ya shimo lake, akiba ya ofisi. "Bado fungu la Bi Ngiri na la Bi Nungunungu."

"Bi Ngiri ana watoto," akasema Fisi, na kwa kitambo kifupi sana kitu kinachofanana na huruma kilimpita usoni.

"Watoto watatu. Kwa hiyo mafungu manne."

Kile kitu kikaenda zake. Fisi akatoa mwiba mrefu wa nungunungu, akaanza kuchokonoa meno na kuutafuna kwenye ncha.

"Huo mwiba umeupata wapi?" akauliza Sungura.

"Bi Nungunungu alinipa mwezi jana. Nilimwomba. Nyama ilinikwama."

"Nyama gani, mwezi jana?"

"Ile ngozi ya ngoma."

"Nipe huo mwiba," akasema Sungura. "Utatufaa."

Baada ya siku tano likatokea shimo la pili, kubwa kuliko la kwanza, na shimoni zikapatikana singa tatu za mkia wa ngiri. Sungura alizishika kwa ncha za vidole kama mtu aliyeshika siri ya dola.

"Mzee wangu," akalia Bi Ngiri, "mimi huchimba nimepiga magoti. Tazama." Akanyoosha miguu ya mbele. Magoti yake yalikuwa na sugu ngumu kama gamba la mti. "Tangu nizaliwe sijachimba nimesimama. Shimo hili lina alama ya magoti? Tafadhali, nitafutieni hata moja."

"Mwizi mwerevu huficha magoti yake," akasema Sungura.

"Nilijua ni huyu," akasema Simba. "Nilijua tangu mwanzo."

"Mzee, tangu mwanzo ulijua ni Muhanga," akasema Bi Nungunungu.

"Nilijua wote wawili."

Bi Ngiri hakuomba tena. Aliwapanga watoto mbele yake, akimsukuma yule mdogo kwa pua kila alipokaa chini, wakapanda kilima kuelekea Uwanda wa Chumvi, mahali ambapo hata mijusi walikuwa wamehama. Safari hii hakuna aliyenong'ona kwamba Sungura amesoma. Wengine walikumbuka ghafla kwamba wana shughuli nyumbani.

Sasa shamba likaanza kuugua. Mchwa, ambao mlaji wao alikuwa amefukuzwa kwa kosa la kuwa rafiki yao, waliingia kwenye matuta na kuanza kutafuna mizizi. Mfereji ukaziba kwenye kona, pale pale alipoonya Muhanga. Simba akaunda kamati ya mfereji, Sungura akawa mwenyekiti, na kamati ikaamua kwa kauli moja kwamba mfereji umeziba. Majani yakaanza kuwa ya manjano.

Bi Nungunungu hakukaa kwenye kamati. Alfajiri alikwenda shambani peke yake, akaingia kwenye shimo la kwanza, kisha la pili, akapapasa kuta zake polepole. Kila ukuta ulikuwa na michirizi minne ya kucha, mipana, iliyochimbwa kwa pupa. Akatoka akiwa amejikung'uta udongo, akaenda zake kimya. Na Bi Nungunungu kukaa kimya lilikuwa jambo ambalo mtu mwenye busara angelihofia.

Sungura hakuhofia. Lilipotokea shimo la tatu, alipanda kwenye jiwe karibu na mfalme, akainua mwiba mrefu.

"Huu haukuhitaji elimu," akasema. "Mnaujua wenyewe."

Bi Nungunungu aliutazama mwiba ule kwa makini. Aliona alama za meno kwenye ncha yake. Akauchukua, akaunusa, akamkabidhi mfalme bila kusema neno juu yake.

"Huenda ni mimi," akasema.

Mkutano ukapigwa na butwaa. Sungura mwenyewe nusura aanguke kutoka jiweni.

"Mimi viazi nakula, sikatai," akaendelea Bi Nungunungu. "Lakini mzee, mimi nitakuwa wa tatu kufukuzwa, na kila mkifukuza mmoja shimo linaongezeka. Mimi nakuonea wewe huruma. Watu wa mabonde mengine watasema mfalme wa hapa anashikwa mkono na Sungura."

Simba akainuka. "Nani anashikwa mkono?"

"Mimi sisemi. Watasema wao."

"Mimi naona mwenyewe!"

"Ndivyo ninavyowaambia," akasema Bi Nungunungu kwa unyenyekevu ambao haukumkaa vizuri. "Basi tuwaonyeshe. Kila mtu achimbe mbele yako, kweupe, na wewe ulinganishe kwa jicho lako. Shimo litakalofanana na haya, mwenyewe ndiye mwizi. Waitwe Muhanga na Bi Ngiri nao wachimbe. Na mfalme mkarimu kama wewe hakosi kutoa zawadi. Anayechimba vizuri kuliko wote apewe mafungu mawili ya viazi."

"Hiyo si njia ya kitaalamu," akasema Sungura haraka. "Jicho tupu hudanganya."

Simba akamgeukia taratibu. "Jicho la nani?"

Sungura akaangalia miguu yake.

Ujumbe ukapelekwa Uwandani. Siku ya tatu asubuhi waliofukuzwa wakaonekana wakishuka kilima. Ngozi ya Muhanga ilikuwa imepasuka kwa chumvi. Bi Ngiri alikuwa amebaki mbavu, na watoto wake wawili walimfuata bila kuinua mikia. Wa tatu, yule mdogo, alikuwa amelala juu ya mgongo wa Muhanga kwa sababu miguu ilikuwa imemkataa. Simba akaanza kuchunguza kucha zake, akazichunguza kwa muda mrefu sana.

Wakapangwa kwenye ukingo wa shamba, mahali ambapo matuta yalikuwa hayajaguswa. Muhanga akamshusha mtoto taratibu, akatangulia. Vumbi likaruka, na kabla mtu hajahesabu kumi, kilichoonekana ni mkia peke yake. Alipotoka alikuwa ameacha tundu la mviringo, refu, lililokwenda chini kwa mshazari, udongo wote umerundikana nyuma kama kilima. Ulimi wake ulikuwa umejaa mchwa. Kiazi kimoja alichokikuta njiani alikuwa amekizunguka, kama mtu anavyozunguka nyumba ya jirani mgomvi.

Bi Ngiri akapiga magoti. Pua yake ikalima, udongo ukageuka vipande vipande kama umepitiwa na jembe, na mbele ya tuta ikabaki michirizi miwili laini ya magoti.

Bi Nungunungu akachimba kijishimo cha ukubwa wa bakuli. Akatoa kiazi kimoja, akaketi, akakimenya kwa meno na kukila pale pale bila haraka, maganda akiyatema pembeni. "Mimi maganda siyawezi," akasema. "Katika yale mashimo matatu, yupo aliyeona ganda?"

Hakuna aliyeona.

Wanyama wakatazama mashimo mapya, wakatazama ya zamani. Hata aliyezaliwa jana angesema hayafanani.

"Uchunguzi haujakamilika," akasema Sungura, akijifuta uso. "Udongo wa leo ni mkavu. Napendekeza tuahirishe mpaka mvua."

"Bado mlinzi," akasema Bi Nungunungu. "Naye ana makucha."

"Mimi nalinda, sichimbi," akasema Fisi.

"Kweli kabisa, samahani." Bi Nungunungu akashusha pumzi kwa masikitiko. "Basi zawadi ni ya Muhanga. Mafungu mawili mazima, na maskini mwenyewe viazi havili. Vitamwozea tu."

"Vitaoza?" akasema Fisi.

"Atafanyaje? Vitaoza."

Fisi akameza mate. Akatazama matuta. Mate yakarudi, akayameza tena.

Sungura akamkanyaga mguu.

"Mbona unanikanyaga?" akauliza Fisi kwa sauti. Sungura akakohoa mara tatu. "Una mafua?" akauliza Fisi, kisha hakusubiri jibu. Aliruka juu ya tuta kwa miguu yote minne.

Mungu wangu, alichimba! Marando yaliruka juu na kumwangukia Simba kichwani. Udongo ulirushwa kushoto na kulia, shimo likapanuka, likawa bovu-bovu, lenye kingo zilizochanika, na kila kiazi kilichojitokeza kilimezwa na ganda lake, na udongo wake, na mara nyingine na mchwa wake. Fisi alicheka huku akichimba, akachimba huku akicheka, mpaka tuta likaisha. Kisha akajikunja kidogo, kama mtu aliyezidiwa na furaha.

Simba akashuka kutoka jiweni, marando yakining'inia sikioni, akaja mpaka ukingoni. Kutani mwa shimo mlikuwa na michirizi minne mipana ya kucha. Na chini kabisa palikuwa na bonge jeupe pe.

"Mtaalamu," akaita Bi Nungunungu, "hebu njoo utusomee. Hii nayo ni chokaa?"

Simba akaenda hatua tatu mpaka kwenye shimo la zamani, akatazama. Akarudi, akatazama. Hakuhitaji kamba.

"Mfalme wangu," akasema Sungura, "siku nyingi nimekuwa nikimshuku huyu Fisi..."

"Wewe!" akapiga kelele Fisi. "Wewe si ndiye uliyeniambia nile kwa huzuni?"

"Mwongo! Ushahidi niliupata shimoni!"

"Ndiyo," akasema Bi Nungunungu, "na ushahidi wenyewe ni mwiba niliompa Fisi achokonolee meno. Mzee, utazame kwenye ncha. Nungunungu gani anayetafuna miiba yake mwenyewe? Na kama mambo yote hupatikana shimoni, twende basi tukaangalie shimoni kwake."

Sungura akawahi mlangoni kwake, akatanua mikono. "Shimo langu ni jembamba. Hakuna anayeweza kuingia."

Muhanga, ambaye alikuwa hajasema neno tangu ashuke kilima, akasogea mbele.

"Nitalipanua," akasema.

Alilipanua. Viazi vikaanza kubingirika nje, kimoja kimoja, kisha kwa makundi, vingine vimeshaanza kuota. Watoto wa Bi Ngiri wakakimbilia. Sungura akajaribu kupenya katikati ya miguu ya watu, akakutana uso kwa uso na Bi Ngiri na meno yake yaliyopinda juu. Bi Ngiri hakumpisha.

"Wafukuzwe!" akanguruma Simba. "Waende Uwanda wa Chumvi wote wawili!"

"Wasiende," akasema Bi Ngiri. "Mimi nimetoka huko. Kila jioni nilimwekea mwanangu sikio kifuani kusikiliza kama bado yupo. Simtakii mtu, hata hawa. Wabaki hapa. Wafukie mashimo yao, wazibue mfereji, wabebe maji mpaka siku ya mavuno, na chakula chao kiwe matembele. Majani ya viazi nayo ni chakula."

Ikawa hivyo. Fisi alifukia mashimo huku akilia, kwa sababu kila tope aliloshika lilikuwa na harufu ya kiazi. Sungura, ambaye hakuwahi kushika kazi yoyote isiyohusu kuinua kidole, aligundua kwamba kibuyu cha maji kina uzito.

Lakini Simba hangeweza kuiacha siku ile iishe bila hotuba. Alipanda jiwe lake, akatoa rando la mwisho sikioni, akatikisa manyoya.

"Raia zangu," akasema. "Muhanga, Bi Ngiri. Leo mfalme wenu amewasamehe."

Hakuna aliyepiga makofi.

"Umetusamehe nini?" akauliza Muhanga. Hakuuliza kwa hasira. Alitaka kujua.

Simba akafungua kinywa. Akamtafuta mshauri wake kwa macho, lakini mshauri alikuwa amezama kiunoni kwenye mfereji. Akamtazama mtoto mdogo wa Bi Ngiri, aliyekuwa ameegemea mguu wa mama yake, akitafuna kiazi kibichi kwa bidii ya mtu anayeogopa kitaondoka.

"Nilikosea," akasema Simba, kwa sauti ambayo hajawahi kuitumia.

"Sauti, mzee," akasema Bi Nungunungu. "Wa nyuma hawajasikia."

"Nilikosea!" akanguruma Simba. "Niliwafukuza watu wema kwa maneno ya mtu aliyekuwa akiniambia ninayopenda kusikia. Nilikosea mara mbili, na nilikuwa tayari kukosea mara ya tatu."

Muhanga akafikiri kidogo, akasema kwamba hapo sawa, na kama hakuna lingine angependa kwenda kulala, maana ilikuwa mchana.

Viazi vikavunwa wiki tatu baadaye, vichache kuliko vilivyotegemewa, lakini vikawafikisha mpaka mvua. Msimu uliofuata, Simba alipoulizwa nani alinde shamba, alisema hajui, ngoja awaulize waliolima. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema hajui, na ufalme haukuanguka.